Kidole Gumba cha Mtangazaji

Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mtu wa televisheni: koti la suti la kijivu, shati jeupe, tai iliyokazwa vizuri. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mtu kama sisi wa Jules Street, suruali imechakaa magotini na kandambili za bluu. Waliomzoea walisema huo ndio ushahidi. Mtangazaji haonekani miguu, walisema, kwa nini aihangaikie? Mimi niliona ni ushahidi wa jambo jingine. Mtu anayetaka kuitwa mtangazaji lazima aanze na koti.

Mbele yake nilimwita Mzee, nyuma yake nilimwita Mtangazaji, kama watu wote. Jina hilo nililikuta. Nilipofika Malvern, hapa Johannesburg, kutoka Tanga kumfuata dada yangu, tayari alikuwa na kiti chake ndani ya duka la Fundi, mtu wa kwetu Tanga anayefunga madishi na kutengeneza televisheni. Niliweka meza yangu ya chai na maandazi mlangoni pa duka hilo, na kwa miaka minne nilimtazama kwa pembeni tangu asubuhi hadi alasiri. Nasema nilimtazama kwa sababu kuongea sikuwezi. Nimesoma hadi darasa la saba, na maneno hunitoka moja moja, yakiwa yamechoka kabla hayajafika. Watu wengi hunimalizia sentensi zangu. Mteja akisema "chai na...", mimi nikianza kuuliza "maandazi ma...", yeye huwa ameshajibu, "Mawili, dada, fanya haraka, teksi inanisubiri."

Mzee hakunimalizia hata siku moja. Na hilo nalo nililitilia shaka.

Kazi yake, kama ilikuwa kazi, ni kututafsiria Waarabu. Fundi alikuwa akiacha televisheni ya duka kwenye kituo cha Kiarabu, kwa sababu masafa yake yalikuwa na nguvu na yalimsaidia kupima madishi. Saa saba mchana ilianza taarifa ya habari. Muziki wake ukilia, Mzee alifunga kifungo cha koti na kukaa wima. Hapo fundi cherehani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Lubumbashi tuliyemwita cherehani tu, alikuja na futi yake ya kupimia shingoni.

"Papa, leo Barabu banasema nini?"

"Subiri."

"Si ameshasema?"

"Bado anavuta pumzi."

Na kweli, yule msomaji kwenye kioo alikuwa anavuta pumzi. Mzee hakutafsiri mpaka msomaji amalize habari nzima. Kisha aliitoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kuongeza chumvi. Wasomaji wale aliwajua kama majirani. Huyu kaka leo amelala vibaya. Huyu dada viatu vinambana.

"Viatu?" Fundi alimuuliza siku moja. "Mzee, anaonekana mpaka kwenye meza tu."

"Miguu inaonekana mabegani," alijibu.

Watu walicheka na kumwagiza chai. Mimi nilimimina nikifikiria kwamba mtu anaweza kusema lolote juu ya viatu visivyoonekana.

Nchi aliyofanyia kazi hakuitaja. Alisema "kule Ghuba", au "kwetu kituoni", na kila mtu alijaza nchi aliyoipenda. Fundi aliamini ni moja, cherehani aliamini ni nyingine, na siku walipobishana mbele yake Mzee alikunywa chai yake kama vile wanabishania mpira. Alisimulia habari za studio, lakini kila mara alizisimulia akiwa amesimama mahali pa ajabu. Alijua kwamba msomaji fulani aliweka karafuu chini ya ulimi kabla ya taarifa. Alijua kwamba mwingine alisoma peku, miguu juu ya marumaru baridi, ili asisinzie. Alimjua bibi mmoja aliyesoma habari ya msiba wa mji wao bila kutikisika, halafu akalia matangazo ya sabuni yalipoanza. Lakini "mimi nilisoma hivi", "mimi nilivaa vile", hakusema. Nililiona hilo mapema. Nilidhani anakwepa maswali.

Nilikuwa na daftari la mistari la shule. Nililinunua ili nijizoeze kuandika barua, kwa sababu barua hainiharakishi. Badala ya barua nikaanza kumwandika yeye. Siku niliyopeleka simu yangu kwa Mwarabu wa Yemen, mwenye duka la simu ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, mtu aliyewahi kuishi Mombasa, nilimuuliza juu ya Kiarabu cha Mzee. Ilinichukua muda kuuliza. Yeye alicheka kabla sijamaliza.

"Mzee wenu yule? Kiarabu chake kizuri. Kizuri mno, binti yangu. Alikuja kununua chaja akaniambia, 'Tumepokea habari hivi sasa kwamba chaja imeharibika.' Nikamuuliza hali ya watoto, akashindwa kunijibu."

Nikaandika: Kiarabu chake ni cha taarifa tu. Hajui cha sokoni wala cha nyumbani. Nikapigia mstari.

Na mwezi. Hapa Johannesburg wakati wa Ramadhani kuna wanaofuata mwezi ulioonekana hapa, na kuna wanaofuata wa Makka. Hao wa Makka wa Malvern, jioni ya kungoja Idi, walijaa dukani kwa Fundi wakimtazama Mzee kuliko walivyoitazama televisheni. Msomaji alianza kusoma tangazo. Wengi walilikamata neno moja moja, lakini hakuna aliyethubutu kusema neno kabla yake. Yeye alikaa kimya mpaka msomaji akafunga karatasi zake na kuaga. Mama mmoja akasema, "Mzee, tufunge kesho au tupike?" Ndipo akajibu, "Pikeni." Baadaye nilimsikia Fundi akimlaumu kwa kuwaweka watu roho juu. Mzee alisema, "Ukisema kabla hajamaliza, ukikosea, lawama ni yake." Sikuelewa. Lawama ingekuwaje ya msomaji? Nikaandika na hilo.

Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya taarifa ya saa saba. Kioo kikawa cheusi. Mzee hakusimama. Aliendelea kutazama kioo kile cheusi, na akaendelea na habari, kwa Kiswahili, polepole. Bei ya mafuta. Mkutano wa mawaziri. Mvua kwenye milima. Sisi tulikaa tukisikiliza kama wajinga. Akasema, "Na sasa michezo," na umeme ukarudi, na kwenye kioo kulikuwa na uwanja wa mpira.

Cherehani alishika kichwa. "Eish. Papa ni mchawi."

"Habari zina mwendo wake," Mzee alisema.

Mimi nilimwaga chai. Anazitunga, nilijisemea. Kama anaweza kuzitunga umeme ukiwa umekatika, nani ajuaye kama hazitungi umeme ukiwepo?

Picha aliyokuwa nayo kutoka kituoni ilikuwa moja. Nilimwomba anioneshe. Ni meza ndefu yenye mng'aro, pazia la bluu nyuma yake, maikrofoni mbili ndogo, na kiti kitupu.

"Wewe uko... wapi?"

Alisubiri mpaka nilipofika mwisho wa swali. "Sikuingia kwenye picha," alisema, akairudisha mfukoni mwa koti, upande wa moyo.

Lakini lililonikera zaidi ya yote lilikuwa kidole gumba chake cha kulia. Mtu yeyote akizungumza, kidole kile kilijisugua juu ya ubavu wa kidole cha shahada, taratibu, kikizunguka. Fundi akiongea, ambaye huongea kama mashine, kidole kilienda mbio. Cherehani akiongea kilikwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Mimi nikiongea kilikaribia kulala. Niliamini ananihesabia. Niliamini anahesabu jinsi ninavyochelewa, kila neno, na kwamba akifika kwake hucheka peke yake. Niliandika kurasa mbili juu ya kidole kile.

Basi dada yangu akapata kazi Uarabuni.

Dada yangu ni kinyume changu. Alikuwa anasuka nywele kwenye saluni milango mitatu kutoka kwetu, na kila harusi ya Watanzania yeye ndiye mshereheshaji. Sauti yake ikishika maikrofoni hata watoto wanaoongea Kizulu tu hunyamaza. Kwenye simu alikutana na tangazo: kituo kipya cha televisheni, katika nchi moja ya Kiarabu, kinatafuta watangazaji wa Kiswahili. Wakala alikuwa na ofisi Midrand. Dada alikwenda, akapimwa sauti, akaambiwa amepita. Akaacha kiti chake cha saluni, akagawa vitana vyake kwa wenzake. Pasi yake ya kusafiria akaiacha kwa wakala ili apate viza. Safari ilikuwa Jumapili.

Jumatano alikuja dukani kwa Fundi kumwonesha Mzee video aliyotumiwa. Alitaka baraka za mtu wa fani. Ilikuwa ya msichana mmoja, mwenye hijabu ya rangi ya maziwa, amekaa mbele ya pazia la bluu. Alisema kwa Kiswahili kwamba anafanya kazi kituoni hapo, kwamba hakuna aliyemwambia la kusema, anaongea kutoka moyoni, na kwamba wadada wa Johannesburg wasiogope.

Mzee aliitazama mara moja. Akaomba airudie. Kidole gumba kilikuwa kinazunguka juu ya kikombe changu. Mara ya tatu, kidole kikasimama ghafla, na msichana kwenye simu naye akasimama, kisha wote wawili wakaendelea.

"Usiende," alimwambia dada.

"Mzee?"

"Huyu binti anasoma."

Dada alicheka. "Si ndiyo kazi yenyewe? Hata wako wa saa saba wanasoma, umesema mwenyewe."

"Wanasoma, na wewe unajua wanasoma. Huyu anasema hakuna aliyemwambia la kusema, halafu anasoma. Tazama macho. Hayako kwenye kamera, yako kulia kwake, upana wa kiganja kimoja. Kuna mtu amemshikia karatasi."

"Ana aibu tu. Mbona mdogo wangu huyu haangalii mtu usoni?"

"Irudishe. Hapo. 'Mshahara wetu unaingia kila', halafu kimya. Macho yanangoja. Halafu ndiyo anasema 'mwezi'. Nani anasahau neno mwezi? Neno lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Aliyeshika amechelewa kubadilisha."

Fundi aliacha bisibisi yake. Dada alikuwa amekunja uso.

"Karatasi yenyewe haionekani, Mzee. Umejuaje wewe?"

Mzee alitazama koti lake. Alifungua kifungo, nami nilikuwa sijawahi kumwona akifungua kifungo mbele ya televisheni.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha," alisema.

Akatueleza. Zamani, kabla ya kompyuta, habari zilipigwa chapa kwenye karatasi, na karatasi zikabandikwa kwa gundi moja chini ya nyingine mpaka zikawa utepe mrefu. Utepe ulipita chini ya kamera ndogo, na maneno yakatokea kwenye kioo mbele ya msomaji, ili asome huku akiwatazama watu. Pembeni alikaa mtu gizani, ameshika kigurudumu, anausogeza utepe kwa kidole gumba. Msomaji akiharakisha, unaharakisha. Akivuta pumzi, unangoja. Miaka kumi na tisa.

Cherehani ndiye aliyeuliza. "Kumbe, Papa, weye ulikuwa wa kuzungusha kigurudumu tu?"

"Kigurudumu tu."

"Na koti?"

"Koti alinipa msomaji mmoja alipostaafu. Mlinikuta nimelivaa mkanipa jina."

Nilikuwa nimesimama na birika. Maneno yalianza kunitoka. "Na wewe... huku...kataa."

Kidole kilinisubiri. "Sikukataa," alisema.

Dada yangu ana akili kuliko mimi, na hasira zake hufika kwa wakati. "Kwa hiyo miaka yote unatudanganya," alisema, "halafu leo ndiyo siku ya kuaminiwa? Au ni wivu, Mzee? Wewe hawakukuweka kwenye kiti, sasa mimi naenda kukaa."

Hakujitetea. Alisema jambo moja tu, akiitazama sakafu. Kwamba siku moja karatasi mbili ziligandana kwa gundi naye hakuona. Bibi yule wa habari za msiba alikuwa anasoma majina ya marehemu, akaruka moja kwa moja kwenye matokeo ya mpira, kwa sauti ile ile ya huzuni. Nchi nzima ilimwona. Aliondolewa kwenye taarifa, na mwenye kigurudumu akanyamaza. "Uso wa mtu anayengoja karatasi naujua," alisema. "Wa bibi yule nimeuona mawazoni kila siku niliyolala na kuamka."

Mimi nilikuwa na daftari zima dhidi ya mtu huyu, na kila nilichokiandika kilikuwa kimegeuka ndani ya robo saa. Lakini sikumwamini kwa ajili ya kigurudumu. Nilimwamini kwa sababu jina lile lilikuwa ndiyo mali yake pekee, na alilimwaga mbele ya cherehani, ambaye hanyamazi, kwa ajili ya msichana anayemwita mwenye wivu.

"Namwamini," nilisema. Neno moja, na lilitoka lote.

Mzee akamwambia dada, "Mwombe wakala huyo binti akupigie mwenyewe, muonane usoni. Muulize amekula nini asubuhi. Basi."

Wakala alijibu kwamba binti yuko hewani. Alhamisi, kwamba binti amelala. Ijumaa ilikuja video nyingine badala ya simu. Msichana yule yule alimtaja dada yangu kwa jina lake, akasema asubuhi amekula mkate na mayai na anamsubiri kwa hamu. Dada aliitazama amesimama kwenye mlango wa duka. Hakuhitaji kuambiwa. Kabla ya neno "hamu" macho ya msichana yalikwenda kulia, yakangoja.

Jumamosi tulikwenda Midrand, mimi na yeye. Ofisi ilikuwa na meza moja, viti vinne na bendera. Wakala alinukia vizuri na alitupa maji. Alisema tunaharibu nafasi ambayo wengine wanaililia. Dada, mwenye maneno yote yale, alikuwa ameishiwa. Nikasema, "Tuna... omba... pasi." Alinimalizia sentensi mara mbili, kwa maneno ambayo siyo yangu, na mara mbili nilianza upya. Mwisho akavuta droo. Pasi ya dada ilikuwa katikati ya pasi nyingine nyingi, za rangi mbalimbali, zimefungwa kwa mpira. Akaichomoa akaitupa mezani.

Hatujui mpaka leo kile kituo kilikuwa nini. Dada anafanya kazi kwenye ghala huko huko Midrand, anapanga mizigo, na mara moja moja anasema, "Labda kilikuwa cha kweli." Video ya pili hajaifuta. Nami najiuliza zile pasi nyingine zilikuwa za nani, na kama kuna msichana mahali fulani anayesema amekula mayai.

Mzee hakurudi dukani. Cherehani alikuwa amempa jina jipya, Papa Kigurudumu, na lilifika mpaka kwenye robot kabla ya Jumapili. Kiti chake kilikaa kitupu wiki nne, kisha Fundi akaweka juu yake dishi lililovunjika. Saa saba mchana televisheni iliongea Kiarabu, na hakuna aliyetuambia lolote.

Nilimwona tena miezi minane baadaye. Mteja aliniambia yuko Randburg, analinda magari kwenye maegesho ya maduka. Nilikwenda na daftari langu kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amevaa kizibao kinachong'aa juu ya koti la kijivu, na chini, kandambili.

"Binti wa chai," alisema. "Dada hajambo?"

"Hajambo. Yupo."

"Yupo hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Aliitikia kwa kichwa, akaongoza gari lililokuwa linarudi nyuma, akapokea sarafu, akarudi. Nilimwambia nimekuja kumsomea kitu nilichoandika juu yake, na kwamba si kizuri. Sehemu kubwa ni shaka. Alitazama daftari, akatazama mikono yangu inavyotetemeka.

"Huwezi kushika na kusoma," alisema. "Lete."

Tulikaa kwenye ukingo wa saruji kati ya magari mawili. Akalishika daftari mbele yangu, usawa wa macho, kiganja kimoja kulia. Nikaanza. Koti na kandambili. Viatu visivyoonekana. Chaja. Mwezi. Sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu tangu shule, na shuleni walikuwa wakinikalisha chini kabla sijamaliza mstari. Nilikwama, nikavuta pumzi, nikakwama tena. Nilipofika neno la mwisho la ukurasa, ukurasa uliofuata, ambao yeye alikuwa ameshauchungulia, ulikuwa tayari upo. Si mapema kiasi cha kuniharakisha. Hakuchelewa hata mara moja. Alinifungulia hata zile kurasa za kidole gumba, na uso wake haukubadilika, isipokuwa kidole chenyewe kilitulia kidogo, kama mtu aliyesikia akitajwa.

Nilitoka kwenye umeme uliokatika nikajikuta nipo kwenye saluni na vitana. Picha ya kiti kitupu haikuwepo. Nilijua niliiandika, ukurasa mzima, pande zote mbili, na mwisho wake niliandika neno ambalo singependa mtu aliandike juu ya baba yangu.

Niliinua macho.

"Zimegandana," alisema.

Wino wangu ni wa kalamu ya kawaida, na daftari lile halijawahi kuona gundi. Magari yalikuwa yanapita nyuma yetu. Alikuwa amelishika imara, usawa wa macho, akinisubiri.

Nikaendelea pale aliponiweka.